Uzi: "Mama, mimi hapa kazini nimefungwa." Imani zetu, wenzetu wa ofisini na afya ya mfanyakazi

Mleta uzi (Afisa Utumishi Mstaafu)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nilifanya kazi ya utumishi katika halmashauri mbili za bara kwa miaka 22, nikashughulikia likizo, uhamisho, mashauri ya nidhamu na mafao ya watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mafaili nimeyasahau. Watu ambao sijawasahau ni wale walioingia ofisini kwangu, wakarudishia mlango, wakakaa ukingoni mwa kiti na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, mimi hapa nimefungwa." Hawakuwa wahudumu peke yao, walikuwamo wahandisi, madaktari na maafisa wenye shahada mbili. Kwa miaka mingi niliyachukulia maneno hayo kuwa ushirikina wa mtu mmoja mmoja, nikawapa pole, nikawashauri waende hospitali au wakasali, kisha nikaendelea na kazi zangu. Leo naamini nilikosea, na hiyo ndiyo sababu ya kuanzisha uzi huu. Ninachotaka kukiweka jamvini ni kwamba mfanyakazi anaposema amerogwa na mwenzake, mara nyingi anatuambia jambo la kweli kuhusu ofisi yake, hata kama mtu anayemtaja hahusiki kabisa.

Nianze na kisa kimoja, nikiwa nimebadili mambo madogo ili wahusika wasitambulike.

Tulikuwa na mhasibu msaidizi, kijana mtulivu, aliyekuwa amefanya kazi miaka sita bila onyo hata moja. Orodha ya waliopandishwa daraja ilipobandikwa, jina lake halikuwamo, ila la dada aliyeajiriwa baada yake lilikuwamo. Dada huyo alikuwa anakaa chumba kile kile, meza ya dirishani. Kijana hakuuliza chochote. Baada ya wiki chache akaanza kukosa usingizi, kichwa kikawa kinamuuma mfululizo, na moyo ukawa unamwenda mbio kila alipolikaribia geti la ofisi. Akapima malaria, taifodi, presha na sukari, na vipimo vyote havikuonyesha kitu. Majibu hayo yangempa mtu mwingine nafuu, lakini kwake yalithibitisha kwamba ugonjwa wake si wa hospitali. Akaenda kwa mganga, naye akaambiwa kwamba nyota yake imezibwa na mwanamke anayekaa karibu na mwanga.

Aliacha kunywa chai ya pamoja, akawa anakuja na maji yake kutoka nyumbani. Alianza kufika alfajiri, kabla ya wenzake, ili anyunyize chumvi kuzunguka meza yake. Siku wenzake walipoiona chumvi ile wakaanza nao kujiuliza nani anarogwa na nani anaroga, kwa kuwa mtu anayeonekana akinyunyiza chumvi gizani anaweza kueleweka kwa namna zote mbili. Haikuchukua miezi mingi, chumba cha watu wanane waliokuwa wakichangia chapati na maharage kikawa chumba cha watu wanane wanaofunika vikombe vyao kila wanapoinuka. Hata taarifa za hesabu zikaanza kuchelewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuacha faili mezani kwa mwenzake.

Sababu halisi ya jambo lile ilikuwa kwenye trei yangu. Jina la kijana lilirudishwa kwa sababu barua yake ya kuthibitishwa kazini haikuonekana katika faili. Masijala walikuwa wameiweka katika faili la mtumishi mwingine mwenye majina yanayofanana. Barua iliyonitaarifu hivyo ilikaa kwangu miezi saba, ikisubiri nipate nafasi ya kuishughulikia. Hakuna aliyemzibia kijana yule kwa makusudi, lakini pia hakuna aliyemweleza, na mtu asiyeelezwa huijaza mwenyewe ile sehemu iliyoachwa wazi, kwa maarifa aliyokulia nayo.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, E. E. Evans-Pritchard, aliishi na Wazande wa kusini mwa Sudan katika miaka ya 1920 na akaeleza jambo ambalo limenisaidia sana kuelewa kisa hiki. Ghala la nafaka lilipowaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo, na hakuna aliyehitaji kufundishwa hilo. Walichouliza ni kwa nini liliwaangukia hawa, na si wengine, tena wakati huo huo waliokuwa wamekaa pale. Uchawi ulijibu swali hilo la pili. Mhasibu wetu naye alijua kwamba kupanda daraja kuna taratibu zake, na nyaraka za utumishi alikuwa amezisoma. Swali lake lilikuwa: kwa nini yeye na si mimi? Ofisi, iliyokuwa na jibu, ilinyamaza, na mganga akajibu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwaelimisha watumishi waache imani hizo. Nilijaribu. Niliandaa hata semina, nikamwalika daktari azungumzie msongo wa mawazo na sonona. Watu walisikiliza kwa adabu, wakanywa soda, wakarudi kwenye vyumba vyao na kufunika vikombe. Semina ile haikugusa chochote kilichokuwa kikiwatia shaka. Orodha ziliendelea kubandikwa bila maelezo, uhamisho uliendelea kutoka ghafla, na vikao vya maamuzi viliendelea kufanyika milango ikiwa imefungwa.

Jambo lililonifungua macho lilitokea mwaka 2016, Serikali iliposimamisha upandishaji wa vyeo na ajira mpya ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Kwa kipato lilikuwa pigo kubwa kuliko yote niliyoyashuhudia, na watumishi walilalamika waziwazi, kwenye korido, kantini na kwenye sherehe za Mei Mosi. Lakini katika kipindi hicho hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuniambia kwamba amefungwa. Sababu ilikuwa imetangazwa, ilimgusa kila mtu, na hasira ya watu ilikuwa na mahali pa kuelekea. Vyeo viliporudi, na baadaye yakaja madaraja ya mserereko, yaani ya kuwafidia waliocheleweshwa kupanda, ambayo wengine waliyapata na wengine hawakuyapata kwa sababu ambazo hazikuelezwa vizuri huku chini, mlango wangu ukaanza tena kurudishiwa. Imani za watu wale hazikuwa zimebadilika kati ya mwaka 2016 na miaka iliyofuata. Kilichobadilika ni kiasi cha mambo yaliyofichika kwao.

Nitafurahi kusikia uzoefu wenu, hasa wa mnaofanya kazi nje ya maofisi, kwa kuwa mimi najua zaidi ya mezani.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mama Afisa, shikamoo. Nimeisoma mada yako nikiwa natoka zamu, nikaona nisilale kwanza.

Kwetu wodi ya wazazi uchawi haunisumbui sana. Imani inayotuumiza ni nyingine, nayo kila mtu anaisifu. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba uuguzi ni wito. Mimi mwenyewe naamini hivyo, na kuna usiku ambapo ni imani hiyo tu inayonifanya nisimame. Lakini neno hilo hilo hugeuka kuwa kufuli mdomoni. Ukisema umechoka, unaonekana huna wito. Ukilia baada ya kumpoteza mama aliyetokwa damu mikononi mwako, unaambiwa uwe imara kwa sababu kitanda kinachofuata kinasubiri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu mkubwa utokanao na kazi kama hali inayohusiana na ajira, yenye sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na mtu kujiona hafai tena kazini. Niliposoma maelezo hayo niliyaelewa mara moja, kwa kuwa nilikuwa na sura zote tatu, na nilikuwa nimeziita udhaifu wa imani yangu.

Kilichoniokoa ni mazingira, na kwa kweli alikuwa mtu mmoja. Katika kituo nilichoanzia, kikao cha mapitio ya kifo kilikuwa kinaendeshwa kama mahakama. Swali la kwanza lilikuwa "Nani alikuwa zamu?" Kwa hiyo sote tulijifunza kuandika kwa uangalifu ili jina lisionekane, na makosa madogo, kama dozi iliyochelewa au damu iliyoombwa kwa kuchelewa, hayakutajwa kabisa mpaka yalipozaa kubwa. Nilipohamia kituo kingine, muuguzi kiongozi alianza kikao cha kwanza kwa kusema kosa lake mwenyewe la wiki ile. Nilishtuka sana. Baada ya kikao alinikalisha, akanimiminia chai ya maziwa, akaniuliza usiku wangu ulikuwaje, na akasubiri nijibu. Sikuwa nimewahi kusubiriwa hivyo kazini.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alikutana na jambo linalofanana na hilo alipochunguza vikundi vya wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990. Alitarajia kwamba vikundi vyenye uhusiano mzuri vingekuwa na makosa machache ya dawa, akakuta vimeandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba vikundi vile viliweza kuyasema makosa, ilhali kwa wengine yalifichwa. Kwa hiyo, Mama, nakubaliana nawe kuhusu usiri, ila naongeza kwamba upo usiri unaotoka chini kwenda juu, na huo hujengwa na hofu.

Mwana wa Pwani

Mleta uzi, nakusalimu kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo nakupinga. Maandishi yako yanaeleza uchawi na husuda kana kwamba ni kivuli tu cha faili lililopotea. Sisi Waislamu tunasoma katika Sura ya Al-Falaq tukimwomba Mola atukinge na shari ya hasidi anapohusudu. Husuda ipo, na ofisini ndipo ilipojaa, kwa sababu ndipo watu wanapogombea riziki moja. Nimeona mtu mzima mwenye afya akinyauka baada ya kupewa cheo. Usituambie yote hayo ni barua.

Mleta uzi (Afisa Utumishi Mstaafu)

Marahaba, mwanangu Muuguzi. Hilo la usiri unaotoka chini kwenda juu sikulifikiria, na nakushukuru. Pole kwa usiku huo.

Ndugu yangu Mwana wa Pwani, nashukuru kwa kunipinga waziwazi. Sijaja kuamua kama uchawi upo au haupo. Mimi ni Mkristo, na kanisani kwetu pia tunaombea watu waliofungwa. Husuda naijua, nimeiona ikiandika barua zisizo na jina dhidi ya watu wema. Lakini tazama sura uliyoitaja inatufundisha nini: inatuelekeza kuomba kinga kwa Mola, haitupi ruhusa ya kumnyooshea kidole jirani wa meza. Madhara niliyoyaona mimi yalianzia pale kidole kiliponyooshwa. Usukumani akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa kupikia kwa miaka mingi. Ofisini hatufiki kwenye mapanga, namshukuru Mungu, lakini mwendo wa fikra ni ule ule: jambo baya halina maelezo, anatafutwa mwenye sura ya kulieleza, na akishapatikana hakuna anayehangaika tena kutafuta chanzo.

Kuhusu huyo aliyenyauka baada ya kupewa cheo, nami nimewaona kama yeye. Mtu anapandishwa kuwa mkuu wa idara, waliokuwa wenzake wanaacha kumwita kwenye chai, kila anachosema kinapimwa, na kila anayecheka koridoni anaonekana kama anamcheka yeye. Hana tena wa kumweleza neno. Mtu huyo ananyauka kweli, na hata ukikubali kwamba kuna mkono nyuma yake, utakuta pia kwamba hakuna aliyemsogelea.

Kuhusu nguvu ya imani mwilini, siipuuzi hata kidogo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia majibu ya watu wazima 28,753 waliohojiwa mwaka 1998. Waliosema kwamba wana msongo mwingi, na papo hapo wakasema msongo huo unaathiri sana afya yao, walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 43. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba imani ndiyo iliyowaua, kwa kuwa mtu anayeumwa huwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba anaumia. Hata hivyo utafiti huo unanifanya nimkumbuke mhasibu wetu, ambaye kila usiku alilala akisubiri kudhurika.

Mkono wa Kiwandani

Naomba nami nichangie, ijapokuwa sina elimu ya ofisi. Nimefanya kazi viwandani Dar es Salaam miaka kumi na moja, mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mnapozungumzia imani, mimi napata wasiwasi, kwa sababu tuliwahi kuletewa mtaalamu akatuambia tukibadili mtazamo wetu kuhusu kazi tutaacha kuumwa mgongo. Siku hiyo hiyo feni mbili za ukumbini zilikuwa hazifanyi kazi, na kwenda chooni tulikuwa tunaomba kibali kwa msimamizi. Mgongo wangu hauumwi kwa sababu ya mtazamo. Nisaidieni kuelewa, imani inanihusu nini mimi?

Mleta uzi (Afisa Utumishi Mstaafu)

Ndugu yangu, wasiwasi wako ni wa haki, na nadhani wewe umeliona jambo ambalo wataalamu wengi wa semina hawalioni.

Huyo mtaalamu huenda alikuwa na utafiti mmoja maarufu kichwani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wahudumu wa vyumba 84 katika hoteli saba. Baadhi yao waliambiwa kwamba kazi yao ya kutandika vitanda na kusugua mabafu ni mazoezi ya kutosha kiafya, wengine hawakuambiwa. Baada ya wiki nne, walioambiwa walikuwa wamepungua uzito kidogo na presha yao imeshuka, ijapokuwa walisema hawakubadili mwenendo wao. Watafiti wengine walipojaribu mwaka 2011 kulithibitisha wazo hilo, hawakuona matokeo kama hayo. Lakini hata yangekuwa imara kama mwamba, mwajiri asingekuwa na haki ya kuyatumia badala ya feni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazungumzia saa 45 za kawaida kwa wiki na siku 28 za likizo ya mwaka. Haimwambii mfanyakazi apumzike kwa mtazamo.

Swali lako lenyewe limejibiwa vizuri zaidi na watu waliochunguza watumishi wa serikali mjini London. Uchunguzi wa kwanza ulianza mwaka 1967 kwa wanaume, na Michael Marmot na wenzake wakaonyesha kwamba watumishi wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wakifa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa ngazi ya juu. Hakuna aliyekuwa fukara kati yao. Wote walikuwa na ajira ya uhakika na hospitali zile zile za umma. Sigara, presha na lehemu (mafuta ya damu) vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha wanaume na wanawake 10,308, ulionyesha kwamba kukosa sauti juu ya kazi unayoifanya kunahusiana na ugonjwa wa moyo. Watafiti waliochunguza wafanyakazi wa Sweden, mwaka 1988, wakaongeza sehemu ya tatu: kazi inayodai mengi, inayomnyima mtu uamuzi, na inayomwacha peke yake bila wenzake, ndiyo inayoumiza kuliko zote.

Kibali cha kwenda chooni ni kukosa sauti kwa namna iliyo wazi kabisa. Na hapo ndipo imani inapokuhusu. Mtu asiye na sauti juu ya jambo hata moja, kwa miaka kumi na moja, hufundishwa na hali hiyo kuamini kitu fulani juu yake mwenyewe, kwamba yeye si wa kuulizwa, na huondoka na imani hiyo kwenda nayo nyumbani, kwa mkewe au mumewe na kwa watoto.

Mwalimu wa Bara

Shikamoo Mama, na hamjambo wote. Nililolisoma kuhusu hofu limenirudisha mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mimi ni Mngoni, nikapangiwa shule ya kijijini Iringa, kwa Wahehe. Stendi tu, kabla sijapanda gari la mwisho, niliambiwa na watu wawili tofauti kwamba walimu wageni hawakai kule; kwamba utalala kitandani na kuamka nje. Walimu watatu walikuwa wamehama ndani ya mwaka mmoja kwa sababu hiyo. Usiku wa kwanza sikulala, na kila panya aliyepita darini alikuwa mtu. Nadhani nisingemaliza mwezi.

Asubuhi ya pili mzee mmoja mjumbe wa kamati ya shule aliniuliza kabila langu, na nilipomwambia akaangua kicheko, akawaita wenzake, akatangaza kwamba mtani wao amekuja kulipa deni la babu zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, na leo ni watani. Kuanzia siku hiyo nilitukanwa kila nilipopita, nami nikajifunza kujibu. Waliniletea mahindi huku wakisema wanamlisha mateka. Nilipougua malaria, watani ndio walionibeba. Sijui niseme nini kuhusu yale niliyoambiwa stendi, ila najua kwamba baada ya mwezi nilikuwa nalala usingizi mzito.

Utani ule uliingia mpaka kazini. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mkali na hakuna aliyethubutu kumweleza kwamba ratiba yake ilikuwa inawaua walimu wa madarasa ya chini. Mimi, mtani wake, niliweza kumwambia mbele ya wote kwamba kama kawaida ya kwao anataka kuwamaliza Wangoni kwa njaa, kwa kuwa nilikuwa na vipindi vinane bila mapumziko. Watu walicheka, naye alicheka, na wiki iliyofuata ratiba ikabadilishwa. Hakuna kikao ambacho kingeweza kulileta jambo lile bila mtu kuumia.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, umenigusa. Ila naomba tuwe waangalifu, kwa sababu wodini kwetu neno "nakutania tu" limetumika kufunika mengi. Daktari anazungumzia mwili wa muuguzi mwanafunzi mbele ya wagonjwa, na akikasirika anaambiwa hajui utani.

Mleta uzi (Afisa Utumishi Mstaafu)

Umesema kweli, mwanangu. Utani wa Mwalimu una masharti ambayo wazee waliyajua: uko pande mbili, kila mmoja ana haki ya kujibu, na unakuja na wajibu, kwa kuwa mtani anayekutukana leo ndiye atakayekuja msibani kwako na kufanya kazi ambazo ndugu hawawezi kuzifanya kwa uchungu. Mkubwa anayemsema binti asiyeweza kumjibu, na ambaye hatambeba akiugua, hana utani naye. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na katika ofisi yangu nililisimamia hilo hata pale aliyelalamikiwa alipokuwa mkubwa kwangu.

Mwalimu, kisa chako kimenipa jambo ambalo sikuwa nalo nilipoanza uzi huu. Hofu yako ya stendi haikuondolewa na hoja. Iliondolewa na watu waliokupa nafasi kati yao, nafasi yenye jina na yenye haki ya kusema. Mhasibu wetu alikuwa na watu saba chumbani kwake na hakuwa na nafasi ya namna hiyo kwa hata mmoja wao.

Kuna aliyeniandikia pembeni akiniuliza nilifanya nini baada ya kugundua barua ile, na kama mifumo haikusaidia. Mifumo ilikuwapo. Kabla ya mwaka 2004 mtumishi wa umma wa Tanzania alipimwa kwa fomu ya siri ambayo hakuiona. Mwaka huo ikaletwa MWAMTUKA, yaani Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, na neno "wazi" liliwekwa humo kwa makusudi: mtumishi akubaliane malengo na msimamizi wake, wakae tena katikati ya mwaka, kisha aone alama zake na kutia sahihi. Katika maofisi niliyopita mimi, fomu nyingi zilijazwa kwa mkupuo mwezi Juni, mtumishi akijipa alama na mkuu akitia sahihi bila kuinua macho. Siku hizi wako kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi kwa kompyuta, na natumaini wanaotumia mfumo huo bado wanakaa ana kwa ana, kwa kuwa uwazi unaoishia kwenye skrini haumjibu mtu swali lake.

Nilichofanya mimi kilikuwa kidogo. Mwaka uliofuata niliamua kwamba kila asiyepandishwa ataandikiwa barua, yenye sababu, jina langu na siku ambayo anaweza kuja kuniona. Zilikuwa barua 31. Wakuu wa idara hawakupenda, wakasema ninawachokoza watu. Watu walikuja kweli, wengine wamekasirika, wawili walipandisha sauti mpaka walinzi wakachungulia. Sababu nne kati ya zile 31 zilikuwa makosa yetu, na tulizirekebisha kwa sababu tu wahusika walikuja kubisha.

Mwana wa Pwani

Mama, nimefuatilia mpaka hapa, na nashukuru kwa jinsi ulivyonijibu. Sasa nina swali moja. Umeeleza habari za kijana. Yule dada wa dirishani aliishia wapi?

Mleta uzi (Afisa Utumishi Mstaafu)

Ndugu yangu, nilijua mtu ataniuliza.

Kijana nilimwita, nikamwonyesha barua, nikamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kupata nakala. Alipanda daraja mwaka uliofuata na baadaye akahamia mkoa mwingine. Usingizi wake ulirudi taratibu. Aliniambia hivyo mwenyewe siku ya kuaga.

Dada hakuna aliyemwita, hata mimi. Niliona kwamba kwa kuwa hakuna shitaka lililoandikwa dhidi yake, hakuna cha kumweleza. Miezi ile saba alikuwa akiingia chumbani na mazungumzo yanakatika, akileta vitumbua na vinabaki kwenye kontena mpaka jioni, na hakujua sababu. Mwaka ule ule alifiwa na mama yake. Halmashauri ilitoa gari, na kwa desturi yetu gari la msiba hujaa mpaka watu wakasimama. Siku ile tulipanda wanne, pamoja na dereva. Alipotuona tukishuka alitazama nyuma yetu, akidhani gari jingine linakuja.

Alistaafu kabla yangu. Namba yake ya simu ninayo, na baada ya swali lako nimeitafuta.